Binti Ana Cha Babu

Ngara, 9 Machi 1995

Yustina mwanangu, marahaba.

Jana nilipeleka uji shule ya kambi ya wakimbizi, nikamkuta mwalimu ameshika nyuzi mbili za mgomba. Mrefu aliuita X, mfupi Y, kromosomu ya urithi ambayo baba huwarithisha wavulana tu.

"Basi binti hana cha babu!" mwanafunzi akadakia.

"Anavyo vingi, mbishi wewe! Hata hizi, mbegu za baba zinapotengenezwa, hushikana nchani zikabadilishana vipande. Kipande cha Y ya babu huweza kumfikia binti kupitia X ya baba."

Nikamkumbuka kaka yangu, baba yako. Tangu tumzike, watu husema nyumba yake imefungwa kwa kuwa aliacha msichana tu. Wanakosea. Natamani kukisikia kicheko chako, ni chake kabisa. Ukipalilia kaburi lake, mtajie jina langu.

Shangazi yako, Adela