Kuku Asiye na Mafuta

Atlixco, 12 Januari 1998

Mpendwa wifi Hortensia,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Miguu yako inaendeleaje na baridi hii? Sisi tunapumua, ila mdogo wako Leobardo ndiye hajambo nusunusu. Katoka hospitali na moyo uliochoka. Daktari kaniambia mbele yake: mafuta ya nguruwe yakome, ngozi ya kuku ikome, la sivyo hamalizi mwaka.

Basi kuku namchuna ngozi, namchemsha na nyanya za kijani na mpungate uliotolewa miiba. Tortila za mahindi sikaangi, nazikausha tu kikaangoni. Leobardo anaitazama sahani kama anatazama maiti. Jana kasema, "Eulalia, Kwaresima haijafika na umeshanifungisha." Nilicheka, kisha nikaenda kulia uani.

Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yenu alipofariki, kwako anasikia. Tuombee. Na tafadhali, usimtumie mafuta.

Wifi yako,
Eulalia

Chietla, 25 Januari 1998

Wifi Eulalia,

Barua imenikuta mzima, miguu inavimba na kupungua itakavyo yenyewe. Watoto hawajambo?

Kuku wa kuchemsha! Huyo anapewa mzazi, si mwanamume aliyebeba miwa tangu hajaota ndevu. Huyo daktari wako alilelewa kwa karatasi? Mimi nilimkuza Leobardo kwa chungu cha mama, na mafuta yalikuwa yanaelea juu kama jua. Mtoto alikufa?

Nimempa kondakta wa basi kifurushi. Ni sweta la Leobardo. Mwache alikunjue mwenyewe.

Wifi yako,
Hortensia

Atlixco, 20 Februari 1998

Wifi,

Leo sikuulizi hali, Mungu anisamehe. Ndani ya sweta mlikuwa na kopo la mafuta. Nilimkuta Leobardo nyuma ya tangi la maji akichovya tortila, machozi yanamtoka. "Linanukia nyumbani," kasema. Kesho yake pumzi zikamkata, tukamwita padre.

Yu hai. Lakini tangu nimnyang'anye lile kopo hali kitu. Anafumba mdomo kama mtoto. "Tencha peke yake ndiye ajuaye kunilisha." Anakuita hivyo mpaka leo, kutwa nzima, Tencha, Tencha. Nikimpa mafuta namuua. Nisipompa anakufa. Nimempigia magoti Bikira wa Guadalupe mpaka sina maneno.

Niambie tu, mama yenu alikuwa anapikaje? Labda kuna kitu humo kisicho mafuta.

Eulalia

Chietla, 1 Machi 1998

Mdogo wangu Eulalia,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Nimemkumbuka mama jikoni, na nimeona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mama hakuwa na mafuta. Tungeyapata wapi? Niliyatia mimi baadaye, nilipoanza kuwafulia watu. Nilijiona tajiri!

Yeye alikuwa anaunguza kitunguu na vitunguu saumu kwenye kikaango kikavu mpaka vinakuwa vyeusi, anavisaga na pilipili kavu na maji viwe mchuzi. Anatandika majani ya mparachichi chini ya chungu, anamlaza kuku juu, anamwagia ule mchuzi, anafunika. Usifunuefunue.

Ningekuja mwenyewe, ila miguu haiingii viatuni.

Tencha wenu

Atlixco, 19 Machi 1998

Mpendwa wifi,

Bwana akupe nafuu ya miguu. Sikosi kukutaja kwenye rozari.

Nilipika kama ulivyoniandikia. Majani yalipopata moto, nyumba nzima ikanukia, na nilipomaliza kupakua Leobardo akaita kutoka kitandani, "Tencha kaja?"

Nilisimama mlangoni na sahani mkononi. Nikasema, "Kaja."

"Mbona haingii?"

"Yuko jikoni. Kasema umalize kwanza."

Akala paja zima, akaramba na vidole. Uongo huo nitauungama kabla ya Pasaka, lakini wifi, nitaungamaje kitu ambacho kesho nakirudia? Kila siku napika, kila siku anauliza mbona huingii. Na daktari kasema moyo ule haurudi tena, kazi yetu ni kumpa raha tu.

Jana kanishika mkono. "Eulalia," kasema, "wewe mke mwema, ila kupika hujajaliwa. Mwambie dada nimeshukuru."

Basi nakufikishia, wifi. Ahsante kwa kupika.

Wifi yako,
Eulalia