Vuta Mara Tatu

Puerto Montt, 9 Machi 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mvua haijaozesha viazi. Mimi sijambo, ila nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako.

Kabla hujasikia kwa watu gatini Achao: nimeacha kazi. Sikufukuzwa, nimeacha. Nimejiandikisha chuo kikuu, masomo ya jioni, shahada ya usimamizi wa hatari na usalama kazini. Najua utasema, "Si ulishamaliza chuo cha ufundi Castro? Cheti si kiko ukutani?" Kiko. Lakini ulikuwepo siku ile kwenye vizimba vya samaki, ukaona cheti changu kilivyothaminiwa.

Nilisimama pale jukwaani, mimi afisa usalama wa kampuni, nikasema leo hazami mtu, kwa sababu samaki waliokufa wamekwenda chini sana na leseni zenu wapiga mbizi mwisho mita ishirini. Bwana Wistuba, meneja wetu, akacheka mbele ya wanaume wote. "Neno la fundi ni ushauri tu, Bibi Hapana. Neno la mwenye shahada ndilo amri. Kailete hiyo shahada kwanza." Wenzako wakanitazama mimi, wakatazama maji. Na wa kwanza kuvaa kinyago akawa wewe. Hata usoni hukuniangalia.

Basi nakwenda kuileta. Nikirudi, nitasema hapana na Wistuba atanyamaza. Usinitumie pesa wala ushauri. Nitumie milcao za Mama, ile mikate yake ya viazi, maana viazi vya mjini havina ladha.

Mimi binti yako mwenye kichwa kigumu,
Yasna


Kisiwa cha Apiao, 2 Aprili 2009

Mwanangu Yasna,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Viazi vimenusurika. Mama yako anakusalimu sana, majirani wanakusalimu kidogo. Nasema kidogo kwa sababu siku ile ulipobishana na Wistuba kazi ilichelewa, bonasi ya wiki ikakatwa kwa kila mpiga mbizi. Jina alilokupa limekushika. Mbwa wa mjomba wako Servando akibweka, watu husema, "Kimya, Bibi Hapana kafika."

Unalalamika kwamba nilikuwa wa kwanza kuvaa kinyago. Nilivaa, na nitavaa tena. Nilianza kuzama kabla hujazaliwa. Sitazuiwa kuingia majini na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika mpira wa kupitishia hewa. Umesahau? Huku kwetu mpira wa mpiga mbizi haushikwi na mgeni. Unashikwa na damu yake, na damu yangu ilikuwa wewe. Ulikaa kando ya kompresa iliyonisukumia hewa, koti langu likikumeza, mpira mkononi. Nikivuta mara moja, ujue niko mzima. Ukivuta wewe mara tatu, napanda. Nilipanda hata kapu likiwa nusu na chini kome wamejaa tele, na sikukuuliza hata siku moja kwa nini umenivuta. Sasa hao maprofesa watakufundisha nini zaidi ya hapo? Kwa mdudu chungu, maji ya kifuu ni bahari. Waache na kifuu chao.

Siku hizi mpira anashika Servando, naye anasinzia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rudi nyumbani.

Ni mimi baba yako,
Eliecer Chiguay


Puerto Montt, 20 Juni 2009

Baba,

Shikamoo. Milcao zilifika, zimevunjikavunjika, nikazila zote siku hiyohiyo. Mwambie Mama ahsante sana.

Nimefeli mtihani wa takwimu. Nakwambia mwenyewe ili usipate raha ya kuambiwa na mwingine. Nitaurudia, na nikifeli nitaurudia tena. Darasani wako waliotoka sekondari moja kwa moja wakaingia chuo kikuu, na sisi tuliopitia ufundi wanatuita "watu wa gereji". Juzi mmoja aliniuliza kama nimekuja kurekebisha taa. Nikamwambia, "Ndiyo, hiyo ya kichwani mwako imeungua." Profesa mwenyewe alicheka.

Ila hilo siyo lililonifanya nishike kalamu. Mama alipopiga simu kutoka Achao alisema bega linakuuma hata hulali, na kwamba umekuwa ukirudi chini ya maji "kulitoa". Baba! Hiyo ndiyo dawa yenu ya gatini: mtu amepanda haraka, mwili unamuuma, basi anarudi chini maumivu yaishe. Yanaisha kweli, hilo silipingi. Chini kule presha ya maji inazibana upya zile chembe za hewa zilizo mwilini, unajiona umepona. Ukipanda tena zinafura, na safari hii zinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Hospitalini kuna chumba cha presha cha kutibu watu kama wewe. Nenda. Usingoje nimalize shahada ndipo uniamini.

Binti yako,
Yasna


Apiao, 14 Agosti 2009

Mwanangu,

Marahaba, sisi wazima. Bega ni la viazi. Mtu akibeba magunia msimu mzima bega lazima liume, hilo halihitaji profesa. Mimi na bahari tunafahamiana, tunaumizana na kupatana, kama mimi na mama yako. Hospitali siendi. Ukienda pale wanaandika kwenye leseni yako, na wakishaandika huruhusiwi kuzama tena. Mpiga mbizi asiyezama ni nini? Ni mzee mwenye viazi.

Usiniandikie habari ya bega tena. Ukiandika sitajibu.

Baba yako

Yasna mwanangu, mimi ni mama yako Orlandina. Bila shaka umeujua mwandiko. Barua yote hii nimeandika mimi, yeye alikuwa akisema tu, kwa sababu kalamu inamwanguka. Mguu wa kushoto nao anauburuta asubuhi. Sasa ametoka kwenda kulisha nguruwe, ndiyo maana nimeweza kuongeza haya. Jumatatu atazama tena.


Puerto Montt, 25 Januari 2010

Baba,

Shikamoo, ingawa hukuipokea nilipokuja kukupa kwa mkono.

Nilidhani nitakukuta jikoni ukinywa chai yako ya mate. Kumbe uliniona kwenye boti ya abiria tangu mbali, ukaruka ndani ya mtumbwi wako, ukawasha injini na kukimbilia upande wa pili wa kisiwa. Umri wako huo! Nilisimama ufukweni nikakupungia mkono, ukageuza uso kama mtu anayedaiwa. Mama alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli. Nilikaa nikikungoja mpaka likizo ikaniishia. Ulilala kwa Servando.

Nilikuja kukubeba nikupeleke hospitali, hata kwa kukufunga kamba. Nimeshindwa, na nimejua kwa nini. Mbele yako mimi bado ni mtoto mwenye koti kubwa, na mbele ya kampuni bado mimi ni fundi. Kampuni inaweza kukukataza kuzama, lakini haimsikilizi fundi. Kwa hiyo sikubembelezi tena. Takwimu nimefaulu. Namaliza shahada hii, Baba, upende usipende. Siku nitakayorudi nayo, hakuna mtumbwi utakaokukimbiza.

Na ukifa kabla sijamaliza, sitakusamehe. Nakwambia wazi.

Yasna


Puerto Montt, 18 Desemba 2011

Baba,

Shikamoo. Zaidi ya miaka miwili hujaniandikia, nami sikuandika nikiogopa kujibiwa na mwandiko wa Mama.

Jana nilipewa shahada. Mama alikuja peke yake na kikapu cha milcao, akakaa mstari wa mbele akiwa na koti lako begani. Alisema baridi. Hapakuwa na baridi.

Kuna jingine. Serikali imeiambia kampuni kwamba sasa imekuwa kubwa, mkuu wa idara ya usalama lazima awe na shahada, na saini yake isipokuwepo hapazamwi. Walitangaza kazi. Wenye shahada wa mjini wakauliza kama visiwani kuna sinema, wakaondoka. Jana jioni nikapigiwa simu na Wistuba. Alianza kwa "Bibi Yasna, habari za siku nyingi". Nilimwacha azunguke na salamu zake mpaka zikamwishia, ndipo nikamwambia sharti langu: kila mpiga mbizi apimwe na daktari kabla sijasaini jina lake, bila kujali ni nani au baba wa nani. Akasema, "Utawafukuza nusu ya watu!" Nikasema hapana, nitawabakiza wote hai. Amekubali. Hana mwingine.

Daktari atakuja Achao Februari. Usipokwenda, jina lako nitalikata bila kipimo.

Binti yako, na kuanzia Januari mkuu wako wa kazi. Wewe ndiye uliyesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Yasna


Achao, 5 Machi 2012

Kwa: Bwana Eliecer Chiguay, mpiga mbizi
Kutoka: Idara ya Usalama

Kutokana na majibu ya daktari, kuanzia leo hutaruhusiwa kuzama katika kituo chochote cha kampuni. Mshahara wako utaendelea wakati wa matibabu. Nafasi ya kusimamia na kufundisha washika mpira iko wazi kwa ajili yako.

Yasna Chiguay
Mkuu wa Idara

Baba, hilo ni la ofisi. Hili ni langu, nimelitia kwenye bahasha hiyohiyo.

Saini hiyo niliitia mwenyewe. Najua ninachokunyang'anya. Unaweza kunichukia, nitavumilia, mradi unichukie ukiwa hai na unatembea.

Ulinifundisha mwenyewe, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Baba, nimevuta. Mara tatu.

Yasna wako


Apiao, 20 Machi 2012

Yasna,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu, ukikushinda kusoma ni shauri yako. Mama yako alitaka kuandika nikamfukuza jikoni.

Ile ya ofisi niliichana. Jumatatu nikaenda kwenye boti na nguo zangu za mbizi, nikitaka nione nani atanizuia. Wistuba akasimama mlangoni pa boti na nakala yake. "Hapana, Mzee Eliecer," akasema. Lilimtoka kama mwiba wa samaki. "Si mimi, ni binti yako." Nikaichana na hiyo nakala. Wenzangu wakacheka, nami nikataka kucheka, nikajizuia kwa sababu nilikuja kugombana.

Siipendi amri yako. Nimeikasirikia, na nitakaa nimekasirika mpaka msimu wa viazi. Huko hospitalini, alikonituma daktari wako wa Februari, nimefungiwa kwenye hilo pipa lao la presha mara kadhaa, hakuna hata dirisha la maana. Vidole vimeanza kunitii. Mguu bado unafikiria.

Kazi ya kufundisha sijaikubali. Nilibaki kwenye boti kwa kuwa nilishafika tu. Ila nilimkuta Servando amesinzia na mpira mapajani, na mtu yuko chini. Nikamnyang'anya. Nilikaa pale kando ya kompresa, mahali pako, mpaka wote wakapanda. Kesho nitakwenda tena, kumwangalia tu huyo Servando.

Ile barua yako ndogo sikuichana. Nimehisi, mwanangu. Napanda. Lakini napanda polepole, kwa vituo, kama mpiga mbizi anavyotakiwa, kwa hiyo usinivute kwa pupa.

Baba yako,
Eliecer