Titi Lenye Joto

Daegu, Novemba

Dada Geum-hui,

Matunda ya kaki uliyotuma yamefika salama, ingawa shemeji yako Tae-sik alikula nusu kabla sijaliweka boksi chini. Mtoto, tangu aache kunyonya, anaita kila mbwa "baba", na mwenyewe baba anaitika.

Maabarani bado tunachunguza vile vijumbe ambavyo mwili hutuma kuita askari wake kwenye kidonda, pakavimba na kuwa pa moto. Kidonda kikipona, vijumbe hunyamaza. Kwenye saratani ya matiti havinyamazi, na seli mbaya hupata nguvu ya kukua na kuhama. Nimeziona kwa hadubini zikihama, Dada.

Mwezi uliopita titi langu la kushoto liliwaka moto, ngozi ikawa kama ganda la chungwa. Daktari wa mtaani alicheka. "Maziwa tu hayo, mama. Meza dawa." Nilimaliza dawa, joto halikuondoka.

Tae-sik naye akanitania, "Wewe kila unachokisoma lazima ukiugue!" Nikauchukua mkono wake nikauweka pale.

"Twende hospitali kubwa," akasema.

Walikata kinyama wakapima. Majibu yametoka leo: ni saratani. Jumatatu naanza matibabu.

Mama usimwambie bado, amalize kwanza kutia chumvi kabichi za akiba ya majira ya baridi. Tae-sik ananiambia nitapona, nami namwitikia ili alale. Njoo wewe, Dada. Nataka mtu ambaye mbele yake naweza kuogopa.

Mdogo wako,
Seon-ju