Samaki Aliowafuata Baba Nasra

Baba Nasra,

Tangi lina maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata hujauliza kama tumekula. Halivuji. Ile kona ya nyuma uliyoikwangua ukaipaka silikoni upya, huku ukiitukana kana kwamba ni mtu, imeshika. Naipitishia kidole kila asubuhi na kinatoka kikavu.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu. Bado niko eda, sivuki geti. Watu wanakuja, wanasema poleni, kazi ya Mungu haina makosa, wanakunywa chai, wanaondoka. Wewe unanijua, kukaa kimya si fani yangu. Maneno yamenijaa kooni na aliyekuwa akiyavumilia ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo yasome huko uliko. Na kama huko hakusomwi, basi mie nitakuwa nimeutua mzigo.

Siku ile nadhani unaikumbuka. Tangi lilikuwa tayari sebuleni juu ya meza ya chuma, kavu, linang'aa, na Nasra alikuwa amebandika pua kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu. Ulilikata mwenyewe kwa mabaki ya vioo vya madirisha ya watu, ukaliunga barazani jioni baada ya jioni, na kila mtoto alipouliza ni lini, ulimjibu vilevile: "Kioo hakitaki haraka." Asubuhi ile hatimaye ukamwambia, "Baba anafuata samaki Buguruni. Nikirudi nakuja nao." Ukawasha pikipiki. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia mlio unaishia kwenye kona ya msikiti.

Hata Buguruni hukufika. Aliyenipigia simu ni mtu nisiyemjua, kwa namba yako, akaniuliza, "Wewe ndiye Mama Nasra? Humu umeandikwa hivyo." Lori la mchanga. Hakusema zaidi ya hapo na sikuhitaji zaidi ya hapo.

Walipokuleta nyumbani, Mama Jofrey, yule mwalimu jirani yetu, alimchukua mtoto kwake akamfungulia katuni. Nasra hakuuona mkeka, hakusikia vilio, hakuona unavyobebwa. Aliporudi ndani ya nyumba iliyojaa kanga, wifi yangu akamkalisha pajani akamwambia, "Baba amesafiri, shangazi. Akirudi atakuja na zawadi." Kwetu mtoto huambiwa hivyo. Hata mimi baba yangu "alisafiri." Nilikuja kujua kwa watoto wa jirani, tukigombania kamba ya kuruka, mmoja akanipasulia kwamba nisijidai kwani baba mwenyewe sina. Nilimkimbilia mama nikiwa na kamba mkononi, naye akainamisha uso.

Wifi hana ubaya. Alichokuwa hajui ni kwamba wewe ulishamuaga mtoto kwa maneno yako mwenyewe. Nasra akaunganisha. Baba ameenda kufuata samaki, baba amesafiri, kwa hiyo samaki wako mbali. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Akachukua ndoo ya kufulia, akaigeuza kifudifudi pale getini, akakaa. Kila jioni. Kila pikipiki inayopita alisimama, na pikipiki za Segerea unazijua zilivyo. Alikuwa akisimama na kukaa, kusimama na kukaa, mpaka giza liingie na mtu aende kumbeba.

Tangi lako nalo liliteseka. Msiba ukiwa umechanganya, wifi alipanga sahani za watu humo ndani, akasema kabati zuri hili, lina mwanga. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Aliyetoa wazo ni mdogo wako Hamidu. Alisema, "Shem, tumletee tu hao samaki. Mtoto yule, akiona samaki atasahau." Mama yako akaafiki. Mie nikaafiki pia, maana Nasra alikuwa anakula vijiko viwili anasukuma sahani, na mashavu yale uliyokuwa ukiyavuta yalikuwa yameshaanza kuisha. Tukatoa sahani. Hamidu akaleta changarawe nusu kiroba. Mimi na Nasra tukaziosha kwenye beseni uani, bila sabuni, tunamwaga na kutia maji mapya mpaka yakawa yanatoka meupe. Mikono yake ilijikunja ngozi kama ya ajuza na hakutaka tuache. Alikuwa ananena peke yake, anaimba. Akaniambia, "Baba akija atakuta tumemaliza kila kitu. Atashangaa huyo."

Nikaendelea kuosha. Ningesema nini mbele ya furaha ile.

Maji yalitupa kazi. Ya kisima chetu yana chumvi, hata chai inalalamika. Ya bomba yana dawa, nayo dawa inaua samaki. Muuza samaki alimwelekeza Hamidu: tumia ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi mpaka dawa itoke, halafu yatie kwenye tangi, panda majani, washa pampu ya hewa, kisha usubiri. Usitie samaki mapema. Maji mapya yanahitaji wiki kadhaa yazoee, yaote uhai wake, ndipo yaweze kubeba viumbe. Mama yako hakuelewa kabisa. Alipita akatazama mapovu yakipanda, akasema, "Maji gani haya yanakaa bila samaki? Tunafuga mbu." Nikamwambia, "Mama, na mie si nimekaa tu humu ndani, mbona huniulizi nafuga nini?" Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Kisha akakaa kwenye kochi lako akalia mpaka nikamletea maji.

Siku ya samaki, Hamidu alikuja jioni na mfuko wa nailoni umetuna hewa. Nasra alikuwa kwenye ndoo yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, pale mwisho wa mipaka yangu, nikamwona anasimama. Hakuutazama mfuko. Alimtazama Hamidu, halafu akachungulia nyuma ya Hamidu, halafu akatoka nje ya geti akatazama barabara yote mpaka dukani.

"Ba mdogo, baba yuko wapi?"

Hamidu unamjua, moyo wa siagi. Akasema, "Amenipa mie. Amesema nikuletee."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Ana kazi, mama. Kazi nyingi."

Tukauacha mfuko uelee juu ya maji kama tulivyoelekezwa, samaki wazoee joto, kisha tukawafungulia. Wazuri, Baba Nasra. Wadogo, mikia mipana, wengine wekundu kama pilipili iliyoiva, wanapita kati ya majani hawana habari. Hamidu anamwita, njoo uone yule, njoo uone huyu. Nasra alikaa kwenye mkeka akatupa mgongo. Nilipomwinamia akaninong'oneza, "Baba kaninunia?"

Usiku wote neno lile lilinikaa. Tulimletea samaki ili asahau, tukampa kitu kibaya kuliko kusubiri. Sasa alikuwa na baba mzima, yuko mahali fulani mjini, anakutana na Hamidu, anampa samaki, ila nyumbani hataki kuja. Hiyo ndiyo zawadi tuliyompa, watu wazima wote wenye akili timamu.

Keshoye hakula kabisa. Mama yako akahangaika naye, akamwekea uji, akamwekea embe, hola. Na kwa kuwa alishindwa kwa mtoto, akaona bora asaidie samaki wa mtoto. Alichukua ile chupa ya dawa ya maji, tunayotia kwenye ndoo ya kunywa ili tusiumwe matumbo, akamimina kizibo na nusu kwenye tangi. Maji ya mjukuu wake yawe salama. Baba Nasra, usimlaumu. Amelea nyie wote kwa chupa ile na hakuna aliyewahi kuumwa kipindupindu. Nani angefikiri kwamba kinachomlinda mtoto kinamuua samaki.

Asubuhi walikuwa juu ya maji, wote, wamelala ubavu. Mama akapiga mayowe, "Mie sijui nimefanyaje, nilitia dawa tu jamani, dawa tu." Nikawaopoa kwa chujio la chai, nikawaweka kwenye sahani. Sikupata muda wa kuwaficha. Nasra alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, na nilipogeuka nikamwona uso wake umefunguka, macho yanawaka. Sijamwona hivyo tangu uondoke. Akasema, "Mama, baba akijua wamekufa, si atakuja kunigombeza?"

Anataka uje umgombeze. Mtoto ambaye ukimpandishia sauti kidogo alikuwa anajificha nyuma ya pazia.

Pale pale nikajua siwezi tena. Nilikaa chini sakafuni, nikamshika mikono yote miwili. Mama yako akanikonyeza, akatikisa kichwa, akasema polepole, "Mwanangu, bado mdogo huyo." Nikamwambia Nasra, "Baba hajasafiri. Baba hajakununia. Baba amekufa."

Akaitazama sahani. "Kama hawa?"

"Kama hawa."

Kisha akamgeukia bibi yake, hana hasira wala nini, anauliza tu kama anavyouliza jua linalala wapi. "Bibi, na baba nani alimtilia dawa?"

Mama yako alishuka chini taratibu akiushika ukuta. Nilidhani ameanguka. Nikasema mimi, haraka, "Hakuna aliyemtilia dawa. Aligongwa na lori barabarani."

"Alikuwa anafuata samaki wangu?"

Nilishajua swali hili lipo. Nililiogopa tangu siku ya kwanza na ndilo lililonifanya nikae kimya wakati wengine wanasema amesafiri. Ulimi ulishaanza kujipanga useme hapana, alikuwa anaenda kazini. Uongo mmoja mdogo, wa mwisho, wa huruma. Halafu nikakumbuka uso wa mama yangu ulioinama, na nikajua kuna mtoto wa jirani mahali fulani ameshazaliwa wa kuja kumwambia mwanangu ukweli huo kwenye kamba.

Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa anafuata samaki wako, na alikuwa na furaha. Lori ndilo lililomgonga. Si samaki, na si wewe. Umesikia? Si wewe."

Alijilaza mapajani kwangu na hakulia hapo hapo. Alilia baadaye, tukiwa tunawafukia wale samaki chini ya mpapai, akalia mpaka akatapika uji kidogo aliokuwa amekunywa mchana ule. Mama yako ndiye aliyemfuta. Alimfuta na kumwomba msamaha, anamwomba tena na tena, sijui wa samaki au wa nini, na Nasra akawa anampiga piga begani kama mtu mzima.

Hamidu ameshaosha tangi na kulijaza upya. Maji yanakaa, pampu inalia. Samaki hatuleti mpaka mwenyewe aseme, na asiposema basi, litabaki na majani yake. Chupa ya dawa mama ameihamishia chumbani kwake, juu kabisa ya kabati.

Jioni ile Nasra hakwenda getini. Saa yake ilifika nikawa namtazama, yeye amekaa anachora. Pikipiki ikapita, ikapunguza mwendo pale kwenye kona, naye hakuinua kichwa. Niliyeinua ni mimi. Ndipo nilipogundua kwamba siku zote hizi alikuwa anasubiri kwa niaba yangu, na mimi kwa kumwonea huruma yeye nilisahau kwamba nami nasubiri. Nilimponya yeye nikajikata mwenyewe. Inauma, Baba Nasra. Inauma kuliko siku ya lori, maana siku ya lori sikuwa na akili.

Sikuombi urudi, najua haiwezekani. Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe na mwanga, ulizoea kufanya kazi kwenye mwanga. Eda ikiisha, mahali pa kwanza nitakapokwenda ni kwako, na nitamshika Nasra mkono tuje wote. Wifi ameshaanza kunung'unika kwamba makaburini si mahali pa mtoto. Anung'unike tu.

Na ninakuahidi hili moja: hatamsikia mwingine akimwambia habari zako kabla yangu. Kila atakapouliza nitamjibu, hata akiuliza vilevile kila siku. Maana anauliza. Leo asubuhi alikuwa anakunywa uji, ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasita, akaniuliza, "Mama, baba bado amekufa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Bado."

Akainama, akamaliza uji wote.

Mkeo,
Mama Nasra