Jina langu kwenye logi

Jumatano, Kitengela.

Baridi ya Julai, ile ya mawingu mazito yasiyoleta mvua. Nimerudi nyumbani saa kumi, nikachemsha chai, na sasa imepoa mezani kabla sijaigusa. Karibu wiki nzima sijaandika hapa. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Niliogopa kuliona limeandikwa.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: ninatunza kompyuta za kliniki moja ndogo ya mifupa kule Kajiado. Kila eksirei inayopigwa pale inahifadhiwa kwenye mashine moja yenye diski nne, iliyo ndani ya stoo, kando ya ndoo na mifagio. Diski moja ikifa, tatu zilizobaki hubeba mzigo wake mpaka uweke nyingine. Zikifa mbili, picha zimekwenda.

Mashine hiyo pia huandika. Kila kinachoipata hukiweka kwenye orodha tunayoita logi: saa, tukio, na jina la aliyegusa. Wengi pale kazini hawajui hata kama ipo. Kuisoma ni kazi yangu.

Ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Alhamisi iliyopita asubuhi Mama Naserian, anayetufanyia usafi, alihitaji soketi ya mashine ya kung'arisha sakafu. Akachomoa waya aliouona karibu, akafanya kazi yake, akaurudisha. Nilipofika, hakuna eksirei iliyokuwa inafunguka. Diski mbili zilikuwa zimekufa. Nakala niliyoweka kando ilikuwa ya Aprili. Kila picha iliyopigwa baada ya hapo ilikuwa imepotea.

Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na msichana wa miaka mitano aliyezaliwa na mguu uliopinda. Amekuwa na plasta tangu Mei. Mama yake alikuwa amemleta kutoka Illasit, na si karibu, ili Daktari Muriuki alinganishe picha ya kwanza na ya sasa, aone kama mfupa unanyooka. Ya kwanza haikuwepo. Daktari akapiga nyingine, akaitazama kwa muda, kisha akasema hawezi kuamua kwa picha moja, kwa hivyo plasta iongezwe wiki sita. Mtoto akalia. Mama yake hakulia. Aliuliza tu kama kuna kitu wao walikosea.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimsikia vizuri.

Baadaye Daktari akatuita sisi wawili. Mama Naserian hakujitetea. Alisema, "Ni mimi nilichomoa, Daktari. Sikujua iko na kazi."

Daktari akanigeukia. "Nekesa, ni hiyo ndiyo imeharibu?"

Wakati huo nilikuwa nimeshaisoma logi.

Nikajibu, "Mashine kama hii haipendi kuzimwa ghafla."

Jibu lenyewe ni la kweli. Ukimuuliza fundi yeyote atakubali. Na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Maana logi ilikuwa inasema hivi: diski namba tatu ilianza kulalamika wiki tatu kabla. Siku tisa kabla ya waya kuchomolewa, ilikuwa imekufa kabisa. Kila mara onyo lilitumwa kwenye simu yangu, na kila mara mstari uliofuata ulionyesha kwamba limeonekana, na aliyeliona ni nekesa. Nekesa. Nekesa. Halafu mstari mmoja wa Jumamosi saa tano asubuhi: kengele imezimwa, na aliyeizima ni nekesa.

Hiyo Jumamosi naikumbuka. Nilikuwa hapa nje ya geti na mitungi yangu, tunasubiri lori la maji kwa sababu mifereji ilikuwa imekauka wiki mbili. Simu ikawa inalia lia mfukoni. Nikaingia kwenye mfumo hapohapo, nikaizima kengele, nikajiambia Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake. Diski mpya ilikuwa kabatini, bado kwenye karatasi yake. Kuibadilisha ni dakika kumi. Ningeibadilisha, ile nyingine ingeweza kufa Alhamisi na tusipoteze hata picha moja.

Mama Naserian aliambiwa akae nyumbani kwanza. Alikunja leso yake, akaniaga. Ndiyo, aliniaga.

Ijumaa kukaja mtu mwingine wa kupiga deki. Wakati wa chakula wenzangu walikuwa wanasema shida ni kuajiri watu ambao hawajasoma. Nilikuwa nakula chapati. Niliendelea kula.

Jumapili kanisani hatukufundishwa lolote kuhusu jambo hili, na nilishukuru. Nilikuwa nimeogopa mahubiri.

Jumatatu nilifungua logi tena. Kuna kitufe cha kufuta yote. Hakuna mwingine pale anayejua hata kuifungua, achilia mbali kujua kwamba imefutwa. Nilipeleka mshale hadi juu ya kitufe, nikauacha hapo. Sitajipamba kwamba dhamiri ndiyo iliyonizuia. Mpokezi alikuja kuomba wino wa printa, nikashtuka, nikafunga kila kitu. Nilipobaki peke yangu ndipo nilipojua nimefika wapi.

Jana asubuhi niliichapisha logi, kurasa nne. Nilipigia jina langu mstari kwa kalamu nyekundu kila lilipotokea, nikazipeleka kwa Daktari.

Alisoma zote. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa nini sikumwambia Alhamisi.

"Niliogopa, Daktari."

"Kuogopa naelewa," akasema. "Lakini mama wa watu ulimwacha aende nyumbani ukimwangalia. Hiyo sielewi."

 

Nimepewa barua ya onyo. Pale pale alimpigia Mama Naserian simu, akamwomba msamaha, akamwambia arudi kazini Alhamisi. Kisha akaniambia yaliyobaki niende nikayaseme mwenyewe, uso kwa uso.

Kwa hivyo leo nimeenda Bisil. Nilimkuta kwa dada yake, karibu na soko la mifugo, wanasafisha vibuyu vya maziwa. Nikamsalimia kwa Kimaasai changu kibovu, "Takwenya." Akaitika, "Iko," akanipa kiti. Nilisema kila kitu bila kupumzika, kuanzia ile Jumamosi ya maji mpaka jibu nililompa Daktari. Aliacha kusugua kibuyu.

"Huyo mtoto wa plasta," akasema, "nimemwombea kila siku. Nimemwambia Mungu anisamehe, nimeumiza mtoto wa watu." Akakiweka kibuyu chini. "Kumbe siku sita nilikuwa natubu dhambi yako."

Nikamwambia, "Naomba unisamehe, mama."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Dada yake akaniletea chai, nikainywa kwa sababu kuikataa kungekuwa kukosa adabu. Nilipoinuka, Mama Naserian alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo sikustahili.

"Kesho nitakuja kazi," akaniambia. "Lakini usinichekee pale kama hakuna kitu kimetokea. Ngoja mimi nianze."

Nikasema nitangoja.

Diski mpya sasa iko ndani, pamoja na nyingine niliyonunua jana. Kengele nimeiwasha. Hayo yote yangekuwa kitu cha kujisifia mwezi uliopita.

Kesho nikifika Daktari anataka nikae na orodha ya wagonjwa wote ambao picha zao zimepotea, niwapigie mmoja mmoja. Nilimuuliza niwaambie nini. Akasema niamue mwenyewe. Nimejaribu maneno hapa sebuleni tangu nirudi. "Kulikuwa na hitilafu ya mtambo." Nimelifuta hilo. "Tunasikitika kuwajulisha." Nalo nimelifuta.

Nitaanza na yule mama wa Illasit, kwa sababu aliuliza swali na hakuna aliyemjibu. Nitamwambia jina langu. Nitamwambia hapana mama, hamkukosea popote, nilikosea mimi.

Halafu nitanyamaza, nimwache aseme anachotaka.