Shikamoo za Mashine

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, na jibu lake nalingojea. Goti linakwendaje huko Pemba? Na baba, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, roho ndiyo iliyobanwa.

Najua umenikasirikia. Mdogo wangu Asha kanipigia simu: "Mama kaghadhibika. Asema mtoto gani huyu, aamkia watu kisha hangoji kuitikiwa?" Haki yako, mama. Lakini masikio yako hayataki simu, kwa hiyo Asha akusomee hii taratibu.

Kazi yangu hapa ni kuandika mifano ya programu: mmoja unatuma ujumbe wa simu, mwingine barua pepe, ili wenye hoteli wa Kendwa wawapelekee wageni wao habari bila mtu kugusa simu. Mfano lazima ujaribiwe kwa namba ya kweli. Nikatia yako, kwa kuwa naijua kwa ghibu. Na mtu akimwandikia mama yake ataanza na nini kama si shikamoo? Basi kila nikijaribu, inakuja kwako, siku nyingine mara kumi. Nawe, kwa kuwa shikamoo haiachwi hivi hivi, ukamwandikisha Asha akaitikia zote kwa niaba yako. Sikuona hata moja, maana sehemu ya kupokea majibu nilikuwa sijaiandika. Mjinga mimi!

Utauliza mbona siji. Tajiri wangu, Bwana Nassor, kavifungia vyeti vyangu vya chuo kabatini. "Ukishamaliza utavichukua," husema. Lakini kazi hii haina mwisho: leo mfano unakubali, kesho wenye mitambo ya kupitishia ujumbe wamebadilisha kitu, naanza upya. Dirisha langu latazama ukuta wa jirani. Nimechoka, mama. Nimechoka kweli.

Leo ndipo nilipoiandika sehemu ya kupokea. Majibu yako, kumbe yamehifadhiwa huko mtandaoni, yakamiminika kwenye kioo cha kompyuta. "Marahaba mwanangu." "Marahaba, ushakula?" "Marahaba, baba yako anakuulizia." La mwisho: "Marahaba. Huyu ni mwanangu au nani?"

Nikalia mbele ya Bwana Nassor. Yeye akafurahi.

"Imepokea! Usiyafute hayo. Kesho wenye hoteli wanakuja, ndo hayo hayo tutakayowaonesha."

Nimeyanakili daftarini, kisha nikayafuta yote, na namba yako nimeitoa. Hajajua bado. Akijua, vyeti ndiyo basi tena, na bila vyeti sijui nani ataniajiri. Niombee dua.

Nisalimie baba, na shangazi anayekaa nawe, na yule fundi cherehani jirani yetu. Asha mwambie ahsante kwa kukusomea, na asiruke mstari.

Lile swali lako la mwisho, mama, lilikaa siku zote bila jibu. Ni mimi.

Mwanao,
Khamis