Kuomba Kazi Uliyo Nayo

Jumatatu, 8 Machi 1993
Kama kawaida: rejista, likizo mbili, mgonjwa mmoja. Halafu bahasha kutoka Nairobi. Wenye kiwanda wapya wanataka kila mfanyakazi aombe upya kazi anayoifanya. Fomu ni za Kiingereza. Mimi ndiye afisa wa wafanyakazi katika kiwanda hiki cha mkonge, kwa hivyo kueleza ni juu yangu. Nimesoma barua mara tatu. Sielewi mtu anaombaje kitu alicho nacho.

Jumanne, 9 Machi
Nimewakusanya uwanjani. Nikaeleza kwa Kiswahili, kisha Kikamba. Kikamba ndicho kilichonishinda zaidi. Mzee Muthoka, anayetunza boila ya mvuke, aliuliza kama amefutwa. Nikasema hapana. Akauliza kama ameandikwa. Nikasema bado. Akaenda zake. Hata mimi nilitaka kwenda zangu.

Alhamisi, 11 Machi
Foleni mlangoni tangu saa mbili asubuhi. Wengi hawajui Kiingereza. Wanasema, naandika. Mwikali, anayesafisha nyuzi kwenye mashine ya brashi, ni wa umri wa mama yangu. Fomu inauliza ujuzi. Akasema hana. Nikamwuliza basi anafanya nini kutwa nzima. Kujua nyuzi mbichi kwa kuzishika. Kufundisha wasichana wapya wasikatwe vidole. Kupatanisha wanaogombana. Karatasi ikajaa, nikageuza nyuma.
Ninasaidia ama ninadanganya? Sijui.

Jumatatu, 15 Machi
Meneja mpya amefika. Bwana Kioko. Kijana, mpole. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alitandaza fomu mezani. Nyingi zina mwandiko mmoja.
"Hizi ni zako?"
Nikasema maneno ni yao, mkono ndio wangu.
Akasema asiyeweza kujaza fomu hataweza kusoma maagizo ya mashine mpya. Si uongo. Niliona aibu, halafu hasira, halafu sikujua ni ipi. Nikamwomba awaone kazini kwanza. Akakubali.

Jumatano, 17 Machi
Tumezunguka naye. Muthoka alisikiliza boila, akasema kuna vali inalegea. Fundi akaangalia. Kweli. Kioko akaandika. Kwenye brashi alimtazama Mwikali muda mrefu, akamsifu. Nikafurahi. Nje akaniambia mashine inayokuja haihitaji mikono, hata mikono mizuri namna ile.

Ijumaa, 19 Machi
Orodha imetoka. Muthoka amebaki. Brashi yote inaondoka, wanawake tisa. Nimewapa barua mmoja mmoja. Jina langu liko chini ya kila barua. Muthoka alinishukuru. Nilishindwa kumtazama.

Jumapili, 21 Machi
Sikuenda kanisani. Nimesema ni kichwa.

Jumamosi, 27 Machi
Nilienda Kambu kununua sabuni. Mwikali alikuwa kando ya barabara kuu na karai la ndizi. Nilitaka kuvuka. Akaniita kwa jina. Hakutaja kiwanda. Aliuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akachagua ndizi, akanipa. Nikala nimesimama, malori ya Mombasa yakipita. Nilikuwa na maneno, yote ya ofisini.
Akasogea kwenye gunia alilokalia, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.
"Keti, mwanangu. Umekonda."
Nikaketi.